Walaji Watatu wa Shamba Moja: Kutoka Maragoli Hadi Mbita

Barabara itokayo Kisumu kwenda Kakamega haikawii kupanda. Msafiri huuacha mji na joto la ziwa nyuma yake, na afikapo Kiboswa huona kwamba hewa imebadilika. Upepo ni mwepesi, majani ni mabichi, na mawe makubwa ya Maragoli yamekaa juu ya vilima kama wazee waliokaa barazani. Mbele ni Majengo, kisha Mbale, makao makuu ya Kaunti ya Vihiga. Mvua hunyesha hapa katika misimu miwili ya mwaka, masika na vuli, na vijito havikauki upesi. Mgeni apitaye huweza kusema kwamba wenyeji wa nchi hii hawana haja ya kumwomba Mungu kitu kingine.

Lakini mgeni huyo akitazama vizuri ataona jambo la pili. Haoni pori wala uwanda wa malisho. Ua moja likiisha, jingine huanza. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 Vihiga ilikuwa na watu 590,013, yaani zaidi ya watu 1,000 katika kila kilomita moja ya mraba, na wengi wao hutegemea jembe. Babu aliyekuwa na ekari 8 akiwagawia wana 4, kila mmoja hupata ekari 2. Hao nao wakizaa wana 4 kila mmoja, mjukuu hupata nusu ekari. Katika nusu ekari hiyo atajenga nyumba, atapanda migomba, mahindi na mboga, na mahali fulani atamfunga ng'ombe.

Shamba la namna hii lina walaji watatu. Wa kwanza ni watu wa nyumbani, ambao hutaka ugali kila siku. Wa pili ni ng'ombe, aletaye maziwa, samadi na karo ya shule. Wa tatu ni udongo wenyewe. Huyu halii kama mtoto wala kama ndama, na kwa sababu hiyo husahauliwa. Lakini asiposhibishwa, wale wawili wengine hulala njaa pamoja naye.

Zamani ugomvi wa walaji hawa ulikuwa mdogo, maana ardhi ilikuwa kubwa. Udongo uliochoka uliachwa upumzike, na ng'ombe walikwenda mbali kutafuta majani. Siku hizi kila hatua moja iliyopandwa majani ya ng'ombe ni hatua moja iliyonyimwa mahindi, na kila hatua iliyopandwa mahindi ni hatua iliyonyimwa ng'ombe. Ndiyo maana asubuhi, kandokando ya barabara za Vihiga, huonekana ng'ombe waliofungwa kamba wakila majani ya mtaroni, na akina mama wenye mizigo ya nepia vichwani, waliyoinunua kwa fedha kutoka kwa jirani. Swali linalowakabili ni moja tu: je, shamba dogo laweza kuwalisha wote watatu kwa wakati mmoja? Katika nchi hii ya magharibi ya Kenya jibu lipo, nalo limepandwa kati ya mistari ya mahindi.

MWIZI WA CHINI YA ARDHI

Kutoka Majengo njia nyingine huelekea magharibi mpaka Luanda, na karibu yake ni Maseno, mahali ambapo mstari wa ikweta hukata barabara na ambapo shule mashuhuri ilianzishwa mwaka 1906. Toka Maseno nchi huteremka kuelekea ziwani. Udongo hubadilika, joto huongezeka, na kati ya mahindi yaliyofika kiunoni msafiri huona maua ya zambarau yakichanua karibu na ardhi. Mgeni huyasifu maua hayo. Mwenyeji hayasifu hata kidogo. Waluo huliita gugu hilo kayongo, Waluhya huliita oluyongo, na katika vitabu vya kilimo hujulikana kwa jina la striga, yaani gugu chawi.

Kayongo haliishi kama magugu mengine yanayogombania nafasi na mwanga. Mizizi yake hujishikiza kwenye mizizi ya mahindi, mtama au wimbi, ikanyonya maji na chakula ambacho mmea umejitafutia. Sehemu kubwa ya wizi huo hufanyika chini ya ardhi, kabla gugu halijaonekana juu. Kwa hiyo mama ang'oaye kayongo lililokwisha kuchanua ni kama mtu amkamataye mwizi mlangoni, na mali imekwisha kupitishwa dirishani. Mahindi hubaki mafupi, ya manjano, na gunzi huwa dogo kama kidole, au halipo kabisa.

Ubaya wake mwingine ni wingi wa mbegu. Mmea mmoja wa kayongo huweza kutoa mbegu 50,000 na zaidi, ndogo kama vumbi, nazo huchukuliwa na upepo, na maji ya mvua, na jembe lenye udongo, na kwato za ng'ombe. Mbegu hizo huweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 10 bila kufa. Hazioti mpaka mzizi wa nafaka upite karibu na kutoa maji yake, kwani hayo ndiyo huziamsha. Basi mtu apandaye mahindi peke yake mwaka baada ya mwaka, katika udongo usiopata mbolea, huwa anamlisha kayongo kwa mkono wake mwenyewe.

Juu ya ardhi yuko adui wa pili, naye ni funza wa mabua. Nondo huruka usiku na kutaga mayai juu ya majani ya mahindi au mtama. Mayai yakianguliwa, funza huingia ndani ya bua na kulila moyo wake, hata upepo mdogo ukivuma bua huvunjika. Mwenye shamba dogo hushambuliwa hivyo toka chini na toka juu, na ng'ombe wake naye hubakiwa na mabua makavu yasiyo na nguvu.

DESTURI YA WAZEE NA MAFUNDISHO YA BAADAYE

Wazee wa nchi hizi hawakuwa na desturi ya kupanda zao moja peke yake. Mtama, wimbi, kunde na maharagwe vilikaa pamoja katika shamba moja, na mwanamke aliyepanda alijua kila kimoja kilipo. Nafaka zilisimama, mikunde ilitambaa chini yake. Baada ya mavuno ng'ombe waliachwa waingie mashambani wale mabua na majani yaliyobaki, wakaacha samadi yao hapo hapo.

Katika miaka ya 1950 mabwana shamba wengi walifundisha mistari iliyonyoka, na kila zao mahali pake. Mafundisho hayo yalikuwa na sababu zake. Shamba lenye mistari ni rahisi kupalilia, kutia mbolea na kuhesabu. Mwaka 1954 Bwana R. J. M. Swynnerton, ofisa mkuu katika Idara ya Kilimo ya Kenya, alitoa mpango mkubwa wa kuendeleza kilimo cha Waafrika, nao ukahimiza kuunganisha vipande vya ardhi, kupanda mazao ya kuuza na kufuga ng'ombe wa gredi. Matuta yalichimbwa kuzuia udongo usichukuliwe na maji, na nepia ikapandwa juu ya kingo zake. Hata leo kingo hizo huonekana katika miteremko ya Vihiga, na ng'ombe wengi wanaishi kwa nepia hiyo.

Hata hivyo, jambo moja liliachwa nyuma. Mahindi yalipewa shamba lake, nepia ikapewa ukingo wake, na mikunde ikaonekana kuwa mboga ya jikoni tu. Mmea mmoja kumfaa jirani yake, na wote wawili kumfaa ng'ombe, lilikuwa jambo walilolijua akina bibi kwa mazoea, lakini halikuwa na mahali katika hesabu ya shamba la kisasa. Ilipasa ipite miaka 40 hivi kabla elimu ya vitabu haijarudi kuitazama desturi hiyo kwa makini, na ilirudi kwa njia ya wadudu.

NG'AMBO YA GHUBA

Mahali ilipojifunziwa ni Mbita. Msafiri atokaye Maseno huteremka mpaka barabara ya Bondo, hupita Ndori, na hufika ukingoni mwa ziwa mahali paitwapo Luanda K'Otieno, pasipochanganywa na Luanda ile ya Vihiga. Hapo feri huvuka mdomo wa Ghuba ya Winam. Upande wa pili ni Mbita, nchi ya mawe na jua kali, yenye mvua chache kuliko Maragoli, ikitazamana na kisiwa cha Rusinga. Wavuvi ni wengi, lakini hata mvuvi ana shamba lake la mtama au mahindi na mbuzi wachache.

Katika mji huu mdogo kuna kituo cha taasisi ya icipe, inayochunguza wadudu na maisha yao. Taasisi hiyo ilianzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Risley Odhiambo, Mkenya aliyekuwa bingwa wa elimu ya wadudu, na kituo cha Mbita kimepewa jina lake. Katika miaka ya 1990 watafiti wakiongozwa na Daktari Zeyaur Khan, pamoja na wenzao wa kituo cha Rothamsted cha Uingereza na wa taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya, walianza kutafuta namna ya kumwondoa funza wa mabua bila kumtaka mkulima maskini anunue dawa.

Walipanda majani ya aina nyingi na kuwatazama nondo. Wakaona kwamba nondo hupenda kutaga mayai juu ya nepia kuliko juu ya mahindi. Lakini nepia si mwenyeji mwema. Funza akianza kulitoboa bua lake, nepia hutoa utomvu wa kunata unaomfunga, na wachache tu ndio hukua. Wakaona pia kwamba mimea mingine hutoa harufu inayowafukuza nondo. Wa kwanza kusifiwa ulikuwa majani ya molasi, na habari zake zikachapishwa mwaka 1997. Kisha ukajaribiwa mmea mwingine wa jamii ya kunde, uliotoka Amerika, ambao ng'ombe huupenda sana: desmodiamu.

Hapo ndipo palipotokea jambo ambalo halikutazamiwa. Desmodiamu iliwafukuza nondo kama ilivyotakiwa, lakini zaidi ya hayo, kila ilipotambaa kati ya mistari ya mahindi, kayongo lilipungua na baadaye likatoweka karibu lote. Kivuli chake na rutuba yake vilisaidia, lakini havikutosha kueleza jambo hilo. Sababu kubwa ilipatikana mizizini. Mizizi ya desmodiamu hutoa dawa zake yenyewe udongoni. Baadhi ya dawa hizo huziamsha mbegu za kayongo zikaota, na nyingine huzizuia zisishike mizizi ya mahindi. Mbegu huitwa mezani, lakini haipewi chakula, nayo hufa. Hivyo akiba ya mbegu iliyokaa udongoni miaka mingi hupungua msimu hata msimu.

Mbinu hiyo ikapewa jina la Vuta-Sukuma, kwa kuwa nepia iliyo pembeni huwavuta nondo, na desmodiamu iliyo katikati huwasukuma nje. Kwa mwenye ng'ombe jina hilo halisemi yote, maana mimea hiyo miwili, inayomlinda mahindi, yote ni chakula cha mifugo.

JINSI SHAMBA LINAVYOPANDWA

Shamba lililopandwa hivyo hutambulikana kwa mbali. Kulizunguka kuna ukuta wa nepia wa mistari mitatu. Ndani yake mahindi yamesimama kwa nafasi za kawaida, sentimita 75 kati ya mstari na mstari na sentimita 30 kati ya shina na shina. Katikati ya kila mistari miwili ya mahindi kuna mstari wa desmodiamu. Aina ya kwanza iliyopandwa sana ina alama nyeupe kama fedha katikati ya jani, na maua yake ni ya rangi ya waridi iliyofifia.

Mbegu ya desmodiamu ni ndogo sana. Wakulima huichanganya na mchanga laini au na mbolea ya fosfati ili isimwagike yote mahali pamoja, kisha huchora mfereji mwembamba kwa kijiti na kuifunika kwa udongo kidogo tu. Ikizikwa chini sana haitoki. Mwanzoni hukua polepole, na mtu asiyeizoea huweza kuing'oa akidhani ni gugu. Palizi ya kwanza na ya pili katika majuma ya mwanzo ndizo zinazoamua kama itaishi. Ikisha kushika, hufunika ardhi yote kama mkeka, huzuia maji ya mvua yasichukue udongo, na huendelea kuishi miaka mingi bila kupandwa tena.

Msimu wa pili kazi hubadilika. Kabla ya kupanda mahindi, desmodiamu hukatwa ikabaki fupi, na majuma machache baadaye hukatwa tena ili isiyapande mahindi na kuyafunika. Kila ikikatwa, iliyokatwa huenda zizini. Nepia huvunwa mara ya kwanza ikiwa na umri wa miezi mitatu hivi, na hukatwa kwa zamu, mstari wa ndani kwanza, ili pembeni pasibaki wazi kwa nondo.

Wengi huuliza habari za maharagwe, na swali lao ni la haki, kwa kuwa nyumba haili desmodiamu. Mwanzoni shamba la namna hii lilionekana kuyafukuza maharagwe. Baadaye ilionekana kwamba maharagwe huweza kupandwa katika mstari ule ule wa mahindi, katika shimo moja nayo au kati ya shina na shina, bila kuharibu kazi ya desmodiamu. Pale kando ya ziwa ambapo mvua ni chache, mtama huchukua mahali pa mahindi, na mambo mengine hubaki vile vile.

Mavuno je? Katika mashamba yaliyokuwa yameliwa na kayongo, watafiti wa icipe waliandika kwamba mahindi yalipanda kutoka tani 1 hivi kwa hekta mpaka tani 3 na nusu. Kwa hesabu ya magunia ya kilo 90, hayo ni kutoka magunia 4 na nusu kwa ekari mpaka magunia zaidi ya 15. Si kila shamba litafikia kipimo hicho, maana mvua, mbegu na mbolea zina neno lao. Lakini hata nusu ya ongezeko hilo ni tofauti kati ya nyumba inayonunua unga kuanzia mwezi wa pili na nyumba inayokula mahindi yake mpaka mavuno mapya.

HESABU YA ZIZINI

Sasa yafaa kumtazama ng'ombe. Mabua makavu ya mahindi hujaza tumbo, lakini katika sehemu 100 za uzito wake mkavu protini hazifiki hata 6. Nepia changa ina kiasi cha 8 mpaka 10, na ikiachwa ikazeeka hupungua. Desmodiamu ina kiasi cha 15 mpaka 20. Kwa hiyo ng'ombe apewaye nepia peke yake hushiba bila kutoa maziwa ya kutosha, na mwenyewe hulazimika kununua chakula cha dukani. Kipimo kinachofaa ni sehemu tatu za nepia kwa sehemu moja ya desmodiamu, zikikatwakatwa na kuchanganywa. Desmodiamu ina faida nyingine: tofauti na lusani, haimvimbishi ng'ombe tumbo.

Hata hivyo hesabu lazima iwe ya kweli. Ng'ombe mkubwa wa gredi hula kiasi cha kilo 60 mpaka 70 za nepia mbichi kwa siku, na ukuta wa nepia unaozunguka robo ekari hauwezi kutoa kiasi hicho mwaka mzima. Mwenye nusu ekari asidanganyike kwamba shamba hili litamlisha Friziani mzima. Litapunguza majani ya kununua, litaongeza protini, na litafaa sana kwa mbuzi wawili watatu wa maziwa, ambao katika Vihiga wamekuwa msaada wa nyumba nyingi zisizo na nafasi ya ng'ombe. Mwenye ekari 2 ndiye awezaye kumtegemea ng'ombe mmoja kwa majani ya shamba lake.

Na mlaji wa tatu, udongo, hulishwa mara mbili. Kwanza, desmodiamu, kama mimea mingine ya jamii ya kunde, huchukua naitrojeni kutoka hewani na kuitia ardhini kwa msaada wa vijidudu vilivyo katika mizizi yake. Pili, majani yaliyokwenda zizini hurudi yakiwa samadi. Ng'ombe akilishwa zizini samadi haipotei njiani, nayo hukusanywa yote. Hivyo mlaji mmoja humlisha mwenzake, na hakuna anayekula bure.

YANAYOSUMBUA

Kama jambo hili lina faida zote hizo, kwa nini halijaenea katika kila shamba? Sababu ni za kweli, na mwenye kutaka kuanza hana budi kuzipima.

Ya kwanza ni ng'ombe wa jirani. Sehemu nyingi za kando ya ziwa desturi ya kale ingaliko: mahindi yakisha kuvunwa, mashamba yote huwa malisho ya kijiji. Desturi hiyo ilikuwa njema wakati mashamba yalipobaki na mabua tu. Lakini desmodiamu hubaki mbichi baada ya mavuno, wakati wa kiangazi ambapo hakuna kingine kibichi, na kundi moja likiingia kwa siku moja laweza kuikanyaga na kuila hata mizizi. Hakuna dawa ya jambo hili ila ua imara au mapatano. Pale ambapo majirani wamekaa na wazee na chifu wa eneo lao wakakubaliana kila mtu afunge mifugo yake, shamba la kwanza huzaa la pili. Pale ambapo hapana mapatano, mkulima mmoja mwenye bidii huonekana kuwa mchoyo wa majani, na bidii yake huliwa usiku.

Ya pili ni subira. Mwaka wa kwanza kazi ni nyingi na majani ni machache. Ardhi ya kukodi haifai kwa jambo hili, maana aliyepanda mmea wa miaka mingi katika shamba la mwenziwe huweza kunyang'anywa mara kayongo linapokwisha. Vile vile mke aliyeachwa nyumbani alime, asiyekuwa na ruhusa ya kuamua nini kipandwe, huweza kujua faida yote na bado asiweze kuanza.

Ya tatu ni mbegu. Bei yake si ndogo kwa mtu wa nusu ekari. Walio wengi huanza na mistari michache, kisha hukata vipande vya mitambao yake na kuvipanda wakati wa mvua, kama wapandavyo viazi vitamu. Wengine huiacha ikomae na kuvuna mbegu yao wenyewe. Kazi hiyo si ya kifahari, maana vikonyo vyake vinanata, na mama hutoka shambani leso yake ikiwa imejaa mbegu toka pindo mpaka kiunoni. Lakini mbegu hizo huuzwa, na wako waliozifanya kuwa zao lao la fedha.

Ya nne ni magonjwa. Nepia ya magharibi imeingiwa na ugonjwa wa kudumaa, unaoifanya iwe fupi na ya manjano, na dawa yake ni kuing'oa iliyougua na kupanda vipande kutoka shina lenye afya. Kwa ajili ya hayo na kwa ajili ya ukame, katika miaka ya 2010 watafiti walianza kupanda brakiaria pembeni mahali pa nepia, na aina nyingine ya desmodiamu yenye jani la kijani, inayovumilia jua. Brakiaria ni majani yenye asili ya Afrika. Yalichukuliwa mpaka Kolombia, yakachanganywa uzazi huko, yakarudi nyumbani yakiwa na jina jipya. Viwavijeshi wageni walipoingia Kenya mwaka 2017 na kuyala mahindi ya nchi nzima, ilionekana kwamba mashamba yaliyopandwa hivyo yaliumia kidogo kuliko yale ya mahindi matupu.

UAMUZI WA MWENYE SHAMBA

Katika nyumba nyingi za Vihiga na Nyanza mwenye shamba hayupo shambani. Yuko Nairobi, Nakuru au Mombasa, karani, askari au fundi, na shamba analijua kwa ujumbe wa simu: unga umekwisha, ng'ombe amepungua maziwa, fedha za majani zinatakiwa. Kila mwisho wa mwezi hupeleka fedha, na kila mwaka mpya mambo huanza pale pale. Mtu kama huyo huona kwamba msaada wake ni mshahara. Lakini sehemu ya mshahara huo hununua nyumbani vitu ambavyo shamba lake mwenyewe lingeweza kutoa, na sehemu nyingine humlisha kayongo bila yeye kujua.

Kwake jambo la kwanza si fedha, bali ni neno. Ni kumwambia mke wake au mama yake, aliye na jembe mkononi, kwamba mistari ipandwe na asiogope lawama mavuno ya kwanza yakiwa madogo. La pili ni kuzungumza na ndugu na majirani juu ya ng'ombe wa kiangazi kabla mbegu haijaingia ardhini, wala si baada ya ugomvi. La tatu ni kuanza na kipande kidogo, hatua 20 kwa 20, mahali kayongo lilipozidi, ili macho yaone yenyewe. Maafisa wa kilimo wa kaunti na wakulima waliotangulia huweza kuonyesha namna ya kuchora mfereji na kupima mbegu. Jambo lenyewe halihitaji shule ndefu.

Ardhi ya Maragoli haitaongezeka, na wala watu wake hawatapungua upesi. Nusu ekari ya mjukuu itabaki nusu ekari. Lililo katika uwezo wake ni kuchagua kinachoota kati ya mstari na mstari. Nafasi hiyo ya sentimita 75, ambayo wengi huiona tupu, yaweza kumlisha ng'ombe, kumwua mwizi na kuurudishia udongo nguvu, huku mahindi yakisimama pale pale yaliposimama siku zote. Wahenga walisema kwamba mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Mkulima wa nchi hii aliye na walaji watatu anaweza sasa kuwafanya walaji wake wawili wamsaidie kulima.